Salamu Zilizohesabiwa

Tanga, 18 Novemba 2024

Kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, somo la Utangulizi wa Magonjwa ya Akili,

Nimebandika barua hii ubaoni kwa sababu nikisema kwa mdomo mtaandika nusu, na nusu ya pili mtaitunga wenyewe.

Nimefundisha somo hili miaka kumi na tano, kwa hiyo najua yatakayotokea. Wiki hii tunasoma sonona, na ikifika Ijumaa nusu ya darasa itakuwa na sonona. Wiki ijayo ni wahaka, na mtanijia mlangoni kunieleza jinsi mioyo inavyowadunda. Mwaka juzi kijana mmoja alijikuta na magonjwa sita kabla ya Krismasi, na mmoja kati ya hayo huwapata wanawake waliotoka kujifungua. Simcheki. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilijipima nikajikuta na magonjwa mawili ambayo hayawezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Mwalimu wangu alinishauri nikalale.

Basi naomba tusipimane. Usimpime mwenzako, wala mpangaji wa chumba cha pili, wala mama mkwe mtarajiwa. Na jambo likikugusa, usilirushe kwenye kundi la simu. Liandike kwenye barua ya karatasi. Nje ya mlango wangu kuna kopo la biskuti nimelitoboa tundu. Tia humo, nami nitajibu kwa karatasi vilevile. Najua mnacheka. Lakini simu humjibia mtu kabla hajafikiri, na somo hili haliendi hivyo.

Nimeambatisha visa vitano vya wagonjwa wa kweli, majina nimeyaficha. Cha nne, cha Bwana M., kisomeni kwa makini kuliko vyote. Nilikiandika mwenyewe nikiwa kijana, na mtihani utatoka humo.

Mwalimu wenu,
Hosea Shemboza


Tanga, 27 Novemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Naitwa Jumana Amur. Nakaa safu ya tatu, dirishani, yule uliyemuuliza kama mtandio wake unasikiliza au umelala. Sijawahi kumwandikia mtu barua, kwa hiyo nikikosea adabu za barua unisamehe.

Kisa cha nne nimekisoma mara saba. Mwanamume wa miaka thelathini na nne, mfanyabiashara wa machungwa Muheza, ameletwa hospitali na kaka yake. Kila asubuhi husimama kwenye lango la shule ya msingi akawaamkia watoto wadogo shikamoo, mmoja mmoja, mpaka wazazi wakaingiwa na hofu. Akiulizwa kwa nini anawaamkia watoto, anasema: "Kwa kuwa wanaitika." Hapo umeandika kwamba jibu haliendani na swali. Kisha, katikati ya mahojiano, alimenya chungwa kwa kucha ya kidole gumba, ganda likatoka moja refu bila kukatika, akakupa na kusema, "Kula kijana, umechoka." Hilo umeliita tabia isiyoendana na mazingira.

Mwalimu, nadhani mtu huyu ni baba yangu.

Baba yangu yupo. Anaishi Mwera, huko Pangani, kwenye shamba la minazi la ami yangu Tahiri, tangu sijapata akili. Alipelekwa hospitali mwaka 2003, mwaka niliozaliwa. Chungwa analimenya vivyo hivyo. Lakini kuna jambo moja linanikatalia. Baba yangu haamkii mtu. Wala haitiki. Sijawahi kumsikia akimpa mzee shikamoo wala akimwitikia mtoto marahaba. Hata asalaam aleikum huiitika kwa kusogeza midomo, sauti haitoki. Nikimwamkia ananitazama, anatikisa kichwa, basi. Wa kwako anaamkia kupita kiasi, wa kwangu haamkii kabisa.

Na hilo ndilo linalomzuia kurudi nyumbani. Mama husema, siku atakapoitika salamu nitajua amepona, mlango uko wazi. Ami Tahiri husema, mtu asiyeitika salamu utamweka vipi na wageni? Wamengoja miaka ishirini na moja. Mimi nataka afuturu na sisi Ramadhani hii, nyumbani, kwenye mkeka wetu. Hata siku moja. Ndiyo maana niliomba kusoma saikolojia, sikuomba kwa sababu niliyoandika kwenye fomu.

Niambie tu. Ni yeye au si yeye?

Mwanafunzi wako,
Jumana Amur


Tanga, 2 Desemba 2024

Mwanangu Jumana,

Marahaba. Mtandio nimeusamehe, sasa naona ulikuwa unasikiliza kuliko wengi.

Hebu nikutulize. Kila mwaka Bwana M. hupata ndugu. Binti mmoja wa Korogwe aliniapia kwamba ni babu yake. Imakulata, aliyemaliza mwaka jana, alimwona baba mwenye nyumba wake, na nadhani alikuwa na kodi akilini kuliko ugonjwa. Wamenya machungwa wa Muheza ni wengi mno, na kila mmoja ana fahari ya ganda lisilokatika. Ukitaka kumjua mtu kwa ganda la chungwa utatembea wilaya nzima.

Tena tofauti umeiona mwenyewe. Dalili hubadilika, hilo ni kweli, lakini mtu wa kuamkia kila kiumbe hageuki kuwa mtu asiyeamkia hata mmoja. Nakupa pole kwa hali ya baba yako, na naisema kwa moyo. Jina la mgonjwa siwezi kulitaja, kwako wala kwa mtu mwingine. Soma sura ya tano, pale panapoeleza jinsi msomaji anavyojikuta kila ukurasa. Utacheka.

Mwalimu wako,
Hosea

Baba yako ana umri gani sasa?


Tanga, 9 Desemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Sura ya tano nimesoma. Sikucheka.

Ana miaka hamsini na tano.

Jumamosi nilimsomea mama karatasi yako jikoni. Alikuwa anakuna nazi. Nilipofika kwenye lango la shule akaacha kukuna, akaniuliza, "Nani kakupa maneno ya nyumba hii?" Nikamwambia ni ya darasani, yanasomwa na watu sitini. Akakiweka kifuu chini. Kisha akaniambia nifunge mlango.

Nilijua kuna mtoto alinitangulia. Jina lake sikulijua mpaka juzi. Aliitwa Hisham, jina la babu mzaa baba, ambaye alifariki kabla yake. Na kwa kuwa amebeba jina la babu, baba akampa na heshima ya babu. Kila asubuhi kabla ya kumpeleka shule alipiga goti barazani, mbele ya mtoto wa darasa la kwanza: "Shikamoo, mzee Hisham." Na mtoto, begi limemshinda urefu, anakunja uso kizee na kuitika: "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Leo ule vizuri." Mama anasema majirani walikuwa wakichelewa kazini kwa ajili ya mchezo ule.

Homa ya siku tatu ilimchukua, Februari mwaka 2003. Mimi nilikuwa tumboni.

Baada ya matanga wazee wakakata shauri jina lisitajwe mbele ya baba, asije akazidiwa. Nguo zikatolewa, picha zikafichwa. Ami Tahiri akaapishwa. Alipompeleka hospitali, alitimiza kiapo chake: hata madaktari hakuwatajia Hisham.

Kwa hiyo lile lilikuwa lango la shule ya Hisham, Mwalimu. Baba alikuwa anakwenda saa ileile, anaamkia. Na watoto wale walikuwa wakimjua, walikuwa wenziwe Hisham, basi walikuwa wakiitika.

Jibu lake liliendana na swali.

Jumana


Soni, 23 Desemba 2024

Mwanangu Jumana,

Nimechelewa kujibu. Nilitaka kusema ni mitihani, lakini kopo la biskuti lina barua yako tu.

Ni yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na koti jeupe la kuazima lililonifika magotini. Baba yako nilikaa naye alasiri tatu. Nilikuwa na fomu. Fomu iliuliza: Una watoto? Akasema, mke wangu ni mjamzito. Nikaandika: hana. Fomu haikuuliza kama amezika mtoto, nami nilikuwa mtumishi mwaminifu wa fomu. Alinyamaza kidogo baada ya swali lile. Nakumbuka alinyamaza, kwa sababu nilitumia nafasi hiyo kupiga mstari wa pambizo.

Nakuandikia kutoka kwa mama yangu, huku milimani. Binti yangu Lea, wa miaka kumi na minne, amepewa jina la bibi yangu, mama wa mama yangu. Jana asubuhi nilikuwa barazani nikamsikia mama, mwenye miaka themanini na moja, akimwambia mtoto yule: "Shikamoo mama, chai yangu umeificha wapi?" Na Lea akaitika, na sote tukacheka, kama tulivyocheka mwaka jana na mwaka juzi. Mchezo huu nimekua nao, Jumana. Wazee wangu waliubeba mpaka kwenye kambi za mkonge, na jirani yetu Mdigo alikuwa nao, na Mbondei alikuwa nao. Ungeniuliza njiani ningekueleza papo hapo. Lakini nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, na mtu wa upande wa pili wa meza alikuwa hajui chochote ila vigezo.

Kuhusu kuficha jina, sina la kusema. Nilificha jina nikaacha machungwa, Muheza, lango na kaka mtu. Ruhusa sikumwomba. Miaka kumi na tano nimemsimamisha mbele ya vijana, nao wanamwekea alama ya vyema kwenye kila dalili.

Na lile chungwa. Nilikuwa nimechoka kweli, nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nililila. Hilo sikuliandika.

Mwambie mama yako, Bi Sabiha, nampa pole ya miaka ishirini na moja, ingawa najua haina pa kuwekwa.

Hosea


Mwera, 8 Januari 2025

Mwalimu,

Sikuweza kungoja chuo kifunguliwe. Nipo shambani kwa ami.

Nilimkuta baba anafua nazi. Nikamwamkia, akatikisa kichwa kama kawaida. Nikakaa kwenye gogo, nikamsomea kisa chako chote na barua yako yote. Hakuacha kufua. Nilipomaliza akauliza, "Kijana yule kalamu yake ilikuwa inavuja. Wino mpaka sikioni. Yu hai bado?" Nikasema yu hai, ndiye mwalimu wangu. Akasema, "Alikuwa mpole. Alikuwa na haraka."

Kisha akanieleza, na nayaandika kama alivyosema.

"Kulikuwa na daftari juu ya meza ya wauguzi. Nikimwamkia mtu, mstari. Asubuhi mistari, jioni mistari. Nilikuwa sielewi. Siku moja mgonjwa mwenzangu mmoja, Manase, akaninong'oneza: Wewe Mwarabu, hao wanahesabu salamu zako, zikiisha unatoka. Basi nikazimaliza. Nikaacha za watoto, wakaniwekea mistari ya wakubwa. Nikaacha za wakubwa, wakaniwekea ya kuitika. Nikaacha zote. Siku thelathini daftari likawa jeupe, wakanipa ruhusa."

Nikamuuliza, sasa mbona ulipotoka hukuanza tena?

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto wa darasa la kwanza. "Nani kakwambia daftari limefungwa?"

Mwalimu, unaelewa? Alinyamaza ili atoke hospitali, na kunyamaza ndiko kunakomzuia asiingie nyumbani. Mama anangoja salamu. Ami anangoja salamu. Baba anangoja wasimhesabu.

Baba si mgonjwa. Hakuwa mgonjwa hata siku moja. Sindano yake ya mwezi ni Jumatatu, nimemwambia asiende. Chuoni sirudi mpaka jambo hili liishe.

Na nakuuliza, kwa kuwa wewe ulikuwepo. Lile daftari alilianzisha nani?

Jumana


Tanga, 10 Januari 2025

Jumana,

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Pangani, nimemwomba kama mtu anayeomba damu. Kabla hujasoma mstari wa pili: Jumatatu aende akachomwe sindano yake.

Sasa nisikilize, hata kama unatamani kuichana. Baba yako alipoletwa alikuwa hajala siku tisa. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Alikuwa akisikia sauti ya mtoto ikimjibu kutoka chumba kisicho na mtu, akainuka na kuifuata mpaka barabarani, mara mbili nusura agongwe na lori. Hayo ami yako hakuyatunga, nami sikuyatunga. Msiba ulikuwepo na ugonjwa ulikuwepo, vimekaa kitanda kimoja. Mimi niliona ugonjwa nikaukosa msiba. Wewe umeuona msiba, na una haraka ileile niliyokuwa nayo mimi. Dawa ambayo mwili umeizoea miaka ishirini haikatwi na mwanafunzi wa mwaka wa pili, wala na mwalimu wake. Pangani kuna muuguzi wa magonjwa ya akili, Sista Fakhria, nilisoma naye. Nimempigia. Anakungojeni. Mweleze habari za Hisham, mwombe daktari atazame dawa upya. Huenda zikapunguzwa, huenda zisipunguzwe. Waulize wao.

Daftari nililianzisha mimi.

Nilikuwa natafuta kitu cha kupima. Huzuni ya mtu huwezi kuipiga mistari, salamu unaweza. Nikawachorea wauguzi safu tatu: tarehe, asubuhi, jioni. Nikaandika kwenye ripoti kwamba salamu zikipungua, mgonjwa anapata nafuu. Baada ya wiki nne mafunzo yangu yakaisha nikaondoka. Kazi ile ilipata alama ya juu kuliko zote darasani. Sikurudi kuuliza mgonjwa alifikia wapi. Mwezi uliopita nilikuungamia chungwa na fomu, nikadhani nimeungama. Hili nililiacha nikitumaini halikumbukwi.

Unajua mimi hutia utani kila mahali. Hapa nimeutafuta, haupo.

Hosea


Tanga, 19 Februari 2025

Mwalimu,

Nimenyamaza wiki tano. Nilikuwa na hasira na wewe, na nilitaka niimalize mwenyewe, nisikupe uihesabu.

Sindano alichomwa. Barua yako ilinikuta Jumapili jioni, nikaisoma nikaitupa chini ya mnazi, baba akaiokota akaisoma. Jumatatu alinitangulia kuvaa viatu.

Sista Fakhria alikaa naye saa mbili. Mimi alinitoa nje. Baba alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaniambia, "Nimelitaja." Sikumuuliza nini. Daktari amepunguza dawa kidogo, atampima tena kila mwezi, na amesema sauti zikirudi tusione haya kusema. Mikono, iliyokuwa ikitetemeka kwa dawa, imeanza kutulia. Hajapona kama nilivyotaka mimi. Yupo vile alivyo.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama Mwera, pamoja na ami Tahiri. Niliwasomea yote, daftari na kila kitu. Ami alilia, mtu mzima yule, anasema, "Niliapa kwa ajili yake, niliapa kwa ajili yake." Baba alikuwa amekaa kwenye gogo lake. Mama akasimama mbele yake, akasema, "Asalaam aleikum, baba Hisham." Tangu nizaliwe sijamsikia akimwita hivyo.

Baba alisogeza midomo. Sote tulikuwa tunamtazama mdomoni, Mwalimu, mimi, mama, ami, hata mwanamke wa shamba la jirani alisimama. Sauti haikutoka.

Mama akangoja. Kisha akarudi garini. Njia nzima hakusema ila neno moja, "Bado."

Mfungo ni siku kumi na moja tu mbele. Sina tena la kufanya.

Kuna ujumbe wako. Baba anasema kisa chake usikichane. Anasema vijana wako wanastahili kujua uliandika nini na uliacha nini, wasome vyote viwili.

Jumatatu nitarudi darasani. Safu ya tatu, dirishani.

Jumana


Tanga, 25 Februari 2025

Bwana Amur bin Hisham,

Shikamoo.

Ni mimi, wa kalamu inayovuja. Wino ulitoka sikioni, lakini ulichukua muda.

Jana nilisoma kisa chako darasani upya. Kwanza nilikisoma kama nilivyokiandika miaka ishirini na moja iliyopita, nao wakaweka vyema zao kwenye dalili, kama kila mwaka. Kisha nikawasomea habari za mzee Hisham wa darasa la kwanza, na begi lake, na marahaba yake. Kisha daftari, na nani aliyelichora. Nina wanafunzi sitini na wawili, na kwa kawaida kuna kiti kinacholia. Jana hakikulia. Kijana mmoja, Timotheo, ambaye huwa haulizi ila habari za mtihani, alisema, "Mwalimu, sasa hizi vyema tuzifute?" Nikamwambia asifute. Aandike pembeni yake: hatukumuuliza. Binti yako aliniruhusu niyasome. Alikuwa anatazama nje dirishani wakati wote, ila safari hii sikuuliza mtandio wake unafanya nini.

Nimemwandikia pia Bi Sabiha. Nimemwambia kwamba kimya chako si dalili. Ni kitu ulichofundishwa na watu waliokuwa wakitafuta kukusaidia, na mimi nikiwa wa kwanza wao. Nimemwambia asingoje salamu ndipo afungue mlango, maana kila mtu akikukodolea mdomo, yeye na Tahiri na majirani, hilo nalo ni daftari. Sijui kama atanisikia. Mimi kwake ni mtu wa karatasi iliyomkatisha kukuna nazi.

Lile la hospitali sijui liko wapi. Pengine mchwa wamelimaliza. Lakini aliyelifungua ni mimi, basi mimi nakwambia: limefungwa, Bwana Amur. Hakuna anayehesabu.

Naomba radhi. Naomba kwa lile la kukuandika bila kukuuliza, kwa daftari, na kwa kuondoka bila kugeuka nyuma. Huna deni la kunijibu barua hii wala salamu iliyo juu yake.

Mimi mdogo wako,
Hosea Shemboza


Tanga, 7 Machi 2025

Bwana Hosea,

Anayeshika kalamu ni Jumana, kwa kuwa mikono yangu bado ina yake. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba.

Karatasi yako mpya ya kisa changu, aliyoniletea Jumana, nimeiona. Ina makosa. Hisham alikuwa na miaka sita na miezi minne, hiyo minne uiandike. Lango la shule lilikuwa la miti, si la chuma. Na chungwa hukula moja. Ulikula matatu.

Sabiha alikuja Mwera peke yake siku moja kabla ya mfungo, barua yako iko mkobani. Hakunisalimu. Alikaa kwenye gogo, akatazama minazi muda mrefu, akasema, "Chukua nguo zako." Nikachukua. Njiani hakunitazama mdomoni, alitazama barabara. Tahiri alitupokea mizigo stendi ya Tanga, naye akawa anasema habari za bei ya saruji tu, maskini, mpaka tukafika.

Usiku wa kwanza nilisikia sauti ya mtoto. Nikamwambia Sabiha. Akasema ni wa jirani, akanifungulia dirisha nisikie vizuri. Alikuwa wa jirani kweli.

Juzi wakati wa kufuturu Jumana aliniletea uji, akaniamkia kama anavyoniamkia siku zote, akageuka kwenda zake kwa kuwa amezoea. Nilimwitikia. Aliangusha bakuli. Lilikuwa bakuli zuri.

Salamu yako nimeipata. Sijaiitika. Mbele yako wapo wengi: watu wa Mwera wa miaka ishirini na moja, na watoto wa lile lango, ambao sasa ni watu wazima wenye ndevu na inabidi niwatafute mmoja mmoja. Nitakufikia.

Ngoja zamu yako. Ukichoka, kula chungwa.

Amur bin Hisham